Bakteria wa tumboni na homoni za mwili: ukweli kuhusu kisukari, tezi ya shingo na hedhi

Huenda umesikia maneno haya sokoni, kwenye kipaza sauti cha muuza dawa, au kwenye ujumbe wa WhatsApp: "Magonjwa yote yanaanzia tumboni. Safisha tumbo, kisukari kitaisha, tezi itapungua, hedhi itarudi." Mwisho wa maneno kuna chupa inayouzwa, na bei yake inakula sehemu kubwa ya pesa ya chakula ya mwezi.

Maneno hayo yana ukweli kidogo ndani yake, ndiyo maana watu wengi wanayaamini. Ni kweli kwamba bakteria wanaoishi ndani ya mwili wako wana uhusiano na homoni zako. Lakini uhusiano huo hauko kama muuzaji anavyoueleza, na mgonjwa wa kisukari anayetupa dawa zake ili anywe chupa hiyo anaweza kupoteza maisha. Makala hii inakueleza uhusiano huo ni upi, nini kimethibitishwa, nini bado, na unaweza kufanya nini ukiwa kambini, kwenye makazi au kijijini jirani.

Kwa ufupi

- Bakteria wengi wa tumboni ni wema. Wanakula kile ambacho tumbo lako haliwezi kusaga, na wanachotoa husaidia homoni kufanya kazi.
- Maharagwe, mboga za majani na unga usiokobolewa ndicho chakula chao.
- Kutumia antibiotiki bila kupimwa kunaua bakteria wema pamoja na wabaya.
- Hakuna kinywaji cha kusafisha tumbo kinachoponya kisukari au ugonjwa wa tezi. Usiache dawa zako bila kuongea na mhudumu wa afya.

Homoni ni nini?

Homoni ni ujumbe unaotumwa ndani ya damu kutoka kiungo kimoja kwenda kingine. Kongosho, kilicho nyuma ya tumbo, hutoa insulini, ambayo huruhusu sukari itoke kwenye damu na kuingia mahali inapotumika. Tezi ya shingo hutoa homoni inayopanga mwili ufanye kazi haraka au polepole. Ovari za mwanamke hutoa estrojeni na projesteroni, zinazopanga hedhi na ujauzito. Tezi ndogo zilizo juu ya figo hutoa kortisoli, homoni ya msongo.

Homoni ikizidi, ikipungua, au mwili ukiacha kuisikia, unaugua. Kisukari ni ugonjwa wa homoni. Rovu, yaani uvimbe wa tezi shingoni ambao wengine huuita goita, mara nyingi huonyesha kwamba homoni ya tezi ina shida. Hedhi isiyo na mpangilio inaweza pia kutokana na homoni.

Bakteria wanaoishi ndani yako

Wote tumefundishwa kunawa mikono na kuchemsha maji, kwa sababu vijidudu huleta kipindupindu na homa ya matumbo. Hilo ni kweli, uendelee hivyo. Lakini vijidudu vya magonjwa ni wachache tu kati ya wengi. Wanasayansi wanakadiria kwamba mwili wa mtu mzima una bakteria wapatao trilioni 38, karibu sawa na idadi ya chembe zake mwenyewe. Wengi wanaishi kwenye utumbo mpana. Wengine wako mdomoni, kwenye ngozi na ukeni. Jamii hiyo yote huitwa mikrobiomu.

Mtoto huanza kuwapata kwa mama yake wakati wa kuzaliwa, kisha kwenye maziwa ya mama. Baadaye wanatoka kwenye chakula, udongo, maji, mifugo na watu anaoishi nao. Chakula cha kila siku ndicho kinachoamua sana ni wapi wanastawi na wapi wanakufa.

Mfano mzuri uko Tanzania. Wahadza wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi hula mizizi ya porini, matunda ya mbuyu, asali na nyama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba matumbo yao yana aina nyingi zaidi za bakteria kuliko ya watu wa mjini Italia. Utafiti mwingine wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba bakteria hao hubadilika kufuatana na msimu: baadhi hupotea karibu kabisa katika msimu mmoja, kisha hurudi chakula kinapobadilika. Maana yake kwako ni kwamba mikrobiomu yako si kitu kilichowekwa mara moja tu. Inaweza kupungua, na inaweza kurudi.

Bakteria na homoni wanahusianaje?

Kuna njia tatu zinazoeleweka vizuri zaidi.

Ya kwanza ni kupitia nyuzinyuzi. Nyuzinyuzi ni sehemu ya maharagwe, mboga, matunda na nafaka ambayo tumbo lako haliwezi kusaga. Inafika kwenye utumbo mpana ikiwa nzima, na hapo bakteria huichachusha. Kutokana na kazi hiyo wanatoa asidi ndogondogo ambazo hugusa chembe maalumu za utumbo, nazo hutoa homoni iitwayo GLP-1. Homoni hiyo huiambia kongosho itoe insulini, na huuambia ubongo kwamba umeshiba. Dawa mpya za sindano za kisukari na unene zinazozungumzwa sana mitandaoni, kama Ozempic, zimetengenezwa kwa kuiga homoni hiyohiyo.

Ya pili ni kupitia ini. Ini likimaliza kutumia estrojeni huifunga kama mzigo na kuitupa kwenye utumbo pamoja na nyongo, ili itoke na choo. Baadhi ya bakteria wanaweza kuufungua mzigo huo, na estrojeni ikarudi kwenye damu. Kwa hiyo bakteria wanachangia kiasi cha estrojeni kinachobaki mwilini.

Ya tatu ni kupitia ukuta wa utumbo. Asidi zile za bakteria ndizo chakula kikuu cha chembe za ukuta wa utumbo mpana. Zikikosekana, ukuta unadhoofika, na vipande vya bakteria vinaweza kupenya kuingia kwenye damu. Kinga ya mwili inabaki ikipigana polepole kila siku. Mwili ulio katika hali hiyo huanza kutoisikia insulini vizuri, na hiyo ni njia mojawapo ya kuelekea kisukari aina ya pili.

Uhusiano huu unakwenda pande zote mbili. Bakteria hugusa homoni, na homoni hubadilisha bakteria: wakati wa ujauzito, wakati wa kukoma hedhi, na wakati wa msongo mkubwa.

Kisukari: tunajua nini kwa hakika?

Mwaka 2006 watafiti nchini Marekani walichukua bakteria wa panya wanene na kuwaweka kwenye panya wasio na bakteria wowote. Panya hao waliongezeka mafuta mwilini kuliko wale waliopewa bakteria wa panya wembamba. Habari hiyo ilienea duniani kote, na hapo ndipo madai mengi ya wauza dawa yanapopata nguvu.

Lakini binadamu si panya. Mwaka 2012 watafiti wa Uholanzi waliwapa wanaume wanene bakteria wa utumbo kutoka kwa watu wembamba. Baada ya wiki sita miili yao iliisikia insulini vizuri zaidi. Utafiti uliofuata ulionyesha kwamba faida hiyo haikudumu: baada ya miezi michache hali ilirudi kama zamani. Kubadilisha bakteria bila kubadilisha chakula hakukutosha.

Mwaka 2018 watafiti wa China walifuata njia nyingine. Waliwapa wagonjwa wa kisukari aina ya pili chakula chenye nyuzinyuzi nyingi za aina mbalimbali, huku wakiendelea na dawa. Bakteria wanaotengeneza zile asidi nzuri waliongezeka, na sukari ilishuka kwa wagonjwa wengi zaidi kuliko katika kundi lililopewa ushauri wa kawaida. Zingatia maneno haya mawili: chakula, na dawa. Wagonjwa hao hawakuacha dawa.

Ikiwa una kisukari aina ya kwanza, jambo hili ni zito zaidi. Kongosho yako haitoi insulini kabisa au inatoa kidogo mno. Hakuna chakula, mtishamba wala bakteria anayeweza kuchukua nafasi ya sindano. Mtu mwenye aina hii akikaa siku chache bila insulini anaweza kufa.

Metformin na tumbo lako

Metformin ndiyo dawa ya kwanza wanayopewa wagonjwa wengi wa kisukari aina ya pili. Wengi wanaiacha kwa sababu inawaletea kuhara, gesi au kichefuchefu, nao hudhani kwamba ni sumu. Utafiti umeonyesha kwamba metformin yenyewe hubadilisha bakteria wa utumbo, na inaelekea kwamba sehemu ya faida yake hupitia hapo. Tumbo kusumbuka mwanzoni ni jambo la kawaida, na kwa watu wengi hupungua baada ya wiki chache.

Meza metformin pamoja na chakula au mara baada ya kula. Tumbo likiendelea kukusumbua, rudi kliniki. Wanaweza kuanza na dozi ndogo na kuipandisha polepole. Usiitupe kimyakimya nyumbani.

Siku ambayo hakuna chakula

Tunajua kwamba mgao umepungua katika kambi na makazi mengi, na kwamba familia nyingine hula mara moja kwa siku. Ikiwa unatumia insulini au vidonge vya glibenclamide, kuchukua dozi ileile na kulala njaa kunaweza kushusha sukari kiasi cha kupoteza fahamu. Lakini kuacha insulini kabisa ni hatari vilevile. Usisubiri siku hiyo ifike. Mwambie mhudumu wa kliniki waziwazi: "Kuna siku sipati chakula. Nifanye nini na dozi yangu?" Mwombe akuandikie jibu kwenye kitabu chako cha matibabu. Si jambo la aibu. Asipojua kwamba unalala njaa, hawezi kukupa dozi iliyo salama.

Pia mwulize jinsi ya kutunza insulini bila friji. Utafiti uliofanywa kwa kufuata joto la kambi ya Dagahaley, Dadaab, na kuchapishwa mwaka 2021 na shirika la MSF pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva, ulionyesha kwamba insulini ilibaki na nguvu kwa wiki nne katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Kwa hiyo kukosa friji peke yake si sababu ya kukosa matibabu nyumbani. Fuata maelekezo ya kliniki yako, na usiiache insulini juani.

Tezi ya shingo: chumvi, mihogo na bakteria

Tezi ya shingo haiwezi kutengeneza homoni bila madini joto, yaani iodini. Yakikosekana, tezi huvimba ikijaribu kupata zaidi. Ndiyo maana chumvi huongezwa madini joto. Tumia chumvi ya pakiti iliyoandikwa kwamba ina madini hayo. Ihifadhi kwenye chombo kilichofunikwa, mbali na jua na unyevu, na itie karibu na mwisho wa kupika, kwa sababu moto mwingi huyapunguza.

Kwa wale mnaotoka Kivu, kuna habari ya karibu na nyumbani. Katika miaka ya 1960 na 1970 watafiti walichunguza rovu kwenye kisiwa cha Idjwi, ndani ya Ziwa Kivu. Madini joto yalikuwa machache kisiwa kizima, lakini rovu ilikuwa nyingi zaidi upande wa kaskazini. Tofauti kubwa waliyoipata ilikuwa mihogo, iliyoliwa zaidi upande huo.

Bakteria wanaingiaje hapa? Mihogo michungu ina kitu ambacho kikivunjwa hutoa sianidi, ambayo ni sumu. Mihogo isiyoandaliwa vizuri hubaki na kitu hicho, na ikifika tumboni bakteria wa utumbo ndio wanaokivunja. Mwili hujilinda kwa kuibadilisha sianidi kuwa kitu chenye sumu kidogo, lakini kitu hicho huzuia madini joto yasiingie kwenye tezi. Kama chumvi yako ina madini ya kutosha, madhara ni madogo. Kama haina, rovu inakuja.

Hakuna haja ya kuacha fufu au ugali wa muhogo. Uandae hivi:

- Loweka mihogo michungu siku tatu au zaidi hadi ilainike, ndipo uianike na kuitwanga. Kulowekwa ni kazi ya bakteria pia: wanavunja sumu kwenye maji kabla haijafika tumboni mwako.
- Kama una wasiwasi na unga ulionunua, uchanganye na maji, utandaze kwa tabaka jembamba, uuache saa mbili juani au saa tano kivulini, kisha uupike siku hiyohiyo.
- Sombe itwangwe vizuri na ichemshwe kwa muda mrefu bila kufunikwa, ili sumu itoke na mvuke.

Wapo wagonjwa wa tezi ambao shida yao si madini, bali kinga ya mwili inayoshambulia tezi. Watafiti wameona kwamba bakteria wa tumboni mwa wagonjwa hao ni tofauti na wa watu wengine. Bado haijathibitishwa kama tofauti hiyo ndiyo chanzo cha ugonjwa au ni matokeo yake. Ukisikia mtu anasema amegundua "bakteria wa tezi" na ana dawa yao, usimpe pesa yako.

Kuna bakteria mmoja wa kuangaliwa hata hivyo. Ni yule wa vidonda vya tumbo, Helicobacter pylori. Utafiti wa Italia uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba wagonjwa wa tezi wenye bakteria huyo walihitaji vidonge vya homoni zaidi kuliko wengine, kati ya robo na theluthi hivi, kwa sababu tumbo lao halikuvipokea vizuri. Walipotibiwa bakteria huyo, mahitaji yalipungua. Ikiwa unameza levothyroxine kila siku na bado unajisikia mchovu, unahisi baridi na unapata maumivu ya tumbo, mwulize daktari kuhusu kipimo cha H. pylori. Na umeze kidonge asubuhi kwa maji matupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai au uji.

Wanawake: hedhi, uke na kukoma hedhi

Hedhi ikikaa miezi bila kuja, ndevu zikianza kuota kidevuni, chunusi zikazidi na mimba haishiki, huenda ni hali ambayo madaktari huiandika kwa herufi PCOS. Ovari hutoa homoni za kiume kupita kiasi, na mara nyingi mwili hausikii insulini vizuri. Utafiti wa China wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba bakteria wa utumbo wa wanawake wenye hali hii, wakiwekwa kwenye panya, walisababisha dalili zinazofanana nayo. Ni mwanzo mzuri, lakini bado hakuna dawa ya bakteria kwa ajili yake. Zipo dawa za kawaida zinazosaidia. Dada, hali hii si laana, na si kosa lako. Mume naye anapaswa kupimwa kabla ya yeyote kulaumiwa.

Kumbuka pia kwamba sindano ya uzazi wa mpango inaweza kusimamisha hedhi kwa miezi mingi. Ikiwa umechoma, mweleze mhudumu kabla hajatafuta ugonjwa mwingine.

Ukeni bakteria wema ndio walinzi. Estrojeni huweka akiba ya sukari kwenye ukuta wa uke. Bakteria wanaoitwa laktobasili huitumia akiba hiyo kutengeneza asidi, na asidi hiyo huwazuia bakteria wabaya. Estrojeni ikishuka baada ya kukoma hedhi, laktobasili hupungua, na mwanamke huanza kupata ukavu na maambukizi ya mkojo mara kwa mara. Kisukari kisichodhibitiwa nacho huleta fangasi, kwa sababu sukari iliyozidi inawalisha. Fangasi wanaorudi tena na tena ni sababu ya kuomba kupimwa sukari.

Usioshe ndani ya uke kwa sabuni, ndimu, chumvi au dawa za kienyeji. Unawaua walinzi, na bila wao ni rahisi zaidi kuambukizwa, ikiwa ni pamoja na virusi vya UKIMWI. Maji safi kwa nje yanatosha.

Msongo na usingizi

Kukimbia vita, kufiwa, kungoja miaka bila majibu: vyote hupandisha kortisoli, nayo hupandisha sukari na kuvuruga hedhi na tumbo. Utafiti wa Japani wa mwaka 2004 ulionyesha kwamba panya waliokuzwa bila bakteria walitoa homoni za msongo nyingi kupita kiasi walipobanwa, na waliporudishiwa bakteria fulani wakiwa wadogo walitulia. Hatuwezi kusema kwamba chakula kitatibu majeraha ya moyo. Lakini ikiwa sukari yako inapanda kila unapokosa usingizi, mweleze mhudumu, na uulize kuhusu huduma ya ushauri nasaha katika eneo lako.

Antibiotiki: zitumie zinapohitajika tu

Antibiotiki huokoa maisha. Lakini hazichagui: zinaua bakteria wabaya na wema pamoja, na wema wanaweza kuchukua wiki au miezi kurudi. Kununua amoksilini vidonge vinne dukani kwa ajili ya mafua, au Flagyl kila tumbo linaponguruma, ni kujidhuru bila faida. Mafua husababishwa na virusi, na antibiotiki haziui virusi.

Zikiandikwa na mhudumu baada ya kukuchunguza, zimeze kama alivyoeleza. Usigawane na jirani, na usihifadhi zilizobaki kwa ajili ya mtoto.

Kula nini kwa kile ulicho nacho?

Huhitaji vidonge vya bakteria vinavyouzwa madukani. Anza na hivi:

- Maharagwe, kunde, dengu au choroko. Kama maharagwe yapo kwenye mgao wako, usiyauze yote. Hakuna chakula cha bei hiyo kinachowalisha bakteria wema kuliko hayo. Yaloweke usiku, umwage maji, kisha upike, na gesi itapungua.
- Mboga za majani: lengalenga, matembele, sombe, majani ya kunde, sukuma. Gunia moja la udongo karibu na nyumba, likimwagiwa maji yaliyooshea vyombo yasiyo na sabuni nyingi, linaweza kutoa mboga kwa miezi.
- Unga wa dona, mtama au ulezi badala ya unga mweupe uliokobolewa.
- Vyakula vilivyochachushwa: maziwa ya mgando, ikivuguto, maziwa ya ngamia yaliyoganda, togwa, obushera. Chemsha maziwa kwanza, yapoe, ndipo uyagandishe, ili kuepuka ugonjwa wa kutupa mimba unaotoka kwa mifugo. Mwenye kisukari asiongeze sukari.
- Maziwa ya mama peke yake kwa mtoto hadi miezi sita. Yana sukari maalumu ambazo mtoto hazisagi. Zimewekwa kwa ajili ya bakteria wake.

Punguza soda na chai yenye sukari nyingi. Mwenye kisukari apunguze kipimo cha ugali na aongeze mboga na maharagwe kwenye sahani ileile.

Kwa wanaosubiri kuhamia nchi ya tatu

Mwaka 2018 watafiti wa Minnesota, Marekani, walichapisha utafiti kuhusu Wahmong na Wakaren kutoka Kusini-Mashariki mwa Asia, wengi wao wakiwa wakimbizi. Ndani ya miezi michache baada ya kufika Marekani, bakteria wao wa asili walianza kupotea, hasa wale wanaovunja nyuzinyuzi. Upotevu uliendelea kadiri miaka ilivyopita, na kwa watoto waliozaliwa huko ulizidi. Unene pia uliongezeka.

Kama jina lako liko kwenye safari, chukua funzo hili. Usiyaache maharagwe na majani kwa kudhani ni chakula cha shida tu. Huko pia vinapatikana, na mwili wako unavijua.

Maswali tunayoulizwa

Je, antibiotiki huharibu vidonge vya uzazi wa mpango? Nyingi haziharibu. Ila rifampicin, dawa ya kifua kikuu, hulifanya ini livunje homoni haraka, na vidonge na kijiti vinaweza kupoteza nguvu. Mwambie mhudumu kwamba unatumia dawa za kifua kikuu ili akushauri njia nyingine. Sindano ya miezi mitatu haipotezi nguvu.

Je, dawa ya kuharisha husafisha tumbo? Hapana. Inakupotezea maji na chumvi za mwili. Utumbo hauna uchafu uliokwama kwa miaka unaohitaji kufukuzwa. Kwa mwenye kisukari au mjamzito, kuharishwa ni hatari.

Je, naweza kutumia mitishamba pamoja na dawa za hospitali? Mwambie mhudumu unachokunywa. Baadhi hushusha sukari, na ikijumlishwa na dawa inaweza kushuka kupita kiasi.

Nenda kituo cha afya mara moja ukiona haya

- Kiu kali, kukojoa sana, kutapika, kupumua kwa nguvu, au pumzi yenye harufu kama matunda yaliyoiva sana. Sukari inaweza kuwa juu mno.
- Kutetemeka, jasho baridi, kuchanganyikiwa kwa mtu anayetumia dawa za kisukari. Kama bado anaweza kumeza, mpe sukari au soda kwanza, kisha mpeleke. Kama amezimia, usimtie kitu mdomoni.
- Uvimbe wa shingo unaokua haraka, au unaoleta shida ya kumeza au kupumua.
- Moyo kwenda mbio, kukonda haraka na mikono kutetemeka kila siku.
- Kidonda cha mguu kisichopona kwa mwenye kisukari.

Huko Uganda unaweza kuanza kwa VHT wa kijiji chako; Kenya na Tanzania kwa mhudumu wa afya ya jamii. Kama lugha ni shida, omba mkalimani. Beba kitabu chako cha matibabu, dawa zote unazotumia, na hata ile chupa ya sokoni kama umeshainunua. Mwonyeshe mhudumu, asome kilichoandikwa, kisha muamue pamoja.